Timu ya Msimu Ujao na Mizani ya Baiyun

Jumapili asubuhi, Novemba, Guangzhou. Hewa ni kavu, jua halina ukali, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili nimelala bila feni.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya nikimwambia napenda mbio za pikipiki za spidwei ni kuuliza habari za breki. Ni kweli, pikipiki zile hazina breki. Zina gia moja tu. Waendeshaji wanne wanajipanga kwenye mstari, utepe unaruka juu, wanazunguka mara nne uwanja wa mviringo wa udongo mwekundu, kila kona wakikata kushoto huku gurudumu la nyuma likiteleza kwenda kulia. Kiatu cha mguu wa kushoto kina soli ya chuma, maana mguu huo unaburuzwa chini. Mtu akisikia hayo anashika kichwa. Anadhani ukatili wa mchezo uko hapo.

Breki ndizo zingewaua. Aliye nyuma asingejua aliye mbele atasimama lini. Ukatili wa spidwei huja mwezi huu, pikipiki zikiwa zimefunikwa maturubai na hakuna anayekimbia. Huja wakati wa kupanga timu.

Nitaeleza polepole, kwa sababu wasomaji wa shajara hii ya mtandaoni wengi ni watu wa mpira.

Katika ligi ninayoifuata, ya Uingereza, kila mwendeshaji ana wastani wake, yaani pointi anazozoea kupata katika pambano moja. Wa kwanza kwenye mbio hupewa tatu, wa pili mbili, wa tatu moja, wa mwisho anakula vumbi. Klabu ikiunda timu ya watu saba hujumlisha wastani wa wote, na jumla hiyo hairuhusiwi kuvuka kikomo. Sasa fikiria. Timu iliyofanya vizuri ni ile ambayo watu wake wamepanda wastani. Wakipanda wao, jumla nayo inapanda. Ikivuka kikomo, lazima mtu aondoke.

Timu inavunjwa kwa sababu imefaulu.

Na yetu mwaka huu imefaulu. Kuna kijana aliyeanza msimu akiwa mtu wa akiba, namba saba, anaanguka kona ya kwanza mpaka tukawa tunafumba macho utepe ukiruka. Kufikia Agosti alikuwa anawapita wakubwa kwa nje, kando kabisa ya uzio, mahali ambapo wenye busara hawapiti. Halafu yuko nahodha wetu, niliyemfuata tangu mke wangu akiwa hai. Ameshuka kidogo. Utepe ukiruka anachelewa, ila kwenye kona bado anamfungia mtu njia kwa adabu, kama mwenye nyumba anayemsindikiza mgeni aliyekaa mno. Lakini kijana amepanda kuliko nahodha alivyoshuka, na jumla imevuka.

Nawataka wote wawili. Hiyo ndiyo haja yangu yote ya msimu ujao, na hesabu zinakataa.

Niwaeleze tunavyoangalia. Nilikuja mji huu kufundisha Kiswahili chuoni; mkataba ulipokwisha nikabaki kwa mwanangu, mwenye ofisi ya mizigo hapa mtaa wa Xiaobei. Nyuma ya ofisi, ghorofa ya pili, kuna mgahawa wenye skrini. Mapambano hufanyika Uingereza jioni, ambapo huku mimi nimeshalala zamani. Kwa hiyo tunaangalia Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, na tuna sharti moja: mpaka Jumamosi hakuna ruhusa ya kuchungulia matokeo.

Tunaolishika sharti hilo ni wawili, mimi na msichana ambaye humu nitamwita Zawadi. Jina lake halisi analijua mwenyewe. Anatoka Mbeya. Alikuja kwa ufadhili kusoma uhandisi wa maji, na mwezi uliopita amemaliza shahada yake ya uzamivu. Miaka minne iliyopita alipanda ngazi zile kutafuta chai, akanikuta mbele ya skrini peke yangu. Akasimama, akaangalia mbio mbili nzima, kisha akauliza: "Shikamoo, mzee. Huyu wa kofia ya njano, kwa nini ameacha njia ya ndani?"

Hakuuliza breki. Nilimvutia kiti.

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayejaza karatasi ya mbio kwa penseli, kama mashabiki wanavyofanya uwanjani kule: namba, rangi ya kofia, pointi. Mimi naeleza, yeye anajaza, na Papa Célestin anatucheka.

Papa Célestin ni Mkongomani wa Lubumbashi, wakala wa mizigo ya haraka, ile inayoondoka na ndege kutoka uwanja wa Baiyun. Meza yetu ndiyo ofisi yake. Msimu mzima amekaa ameipa skrini mgongo, uso dirishani, anafunga maboksi na kuvuta mkanda wa gundi kwa kelele inayozidi injini. "Mwalimu, bale bantu banaenda wapi?" huuliza kwa Kiswahili cha kwao. "Banatoka hapa, banarudi hapa hapa. Na mafuta bamemaliza!"

Jana hapakuwa na pambano la kuangalia, msimu umekwisha. Tulikutana kufanya kile tunachofanya kila Novemba: kila mmoja anapanga timu yake ya mwakani, saba ndani ya kikomo, huku mapambano ya zamani yakirudiwa kwenye skrini. Mtaa ulikuwa mtulivu. Waliokuja kwa maonyesho ya biashara ya Pazhou wamesharudi makwao na maboksi yao.

Papa Célestin, kwa kukosa kazi, akauliza tunaumizwa kichwa na nini. Nimejaribu kumweleza kikomo misimu miwili bila mafanikio. Jana nikamweleza kwa mizani ya uwanja wa ndege. Begi lina kilo zake, nikamwambia. Mwendeshaji mzuri ni koti zito. Ukilitia koti, viatu vinatoka. Na ubaya wa mchezo huu ni kwamba nguo zinaongezeka uzito zikiwa ndani ya begi.

Akageuza kiti chake. Nilikuwa sijawahi kumwona akikigeuza.

"Ah bon! Nipe kalkuleta, laoban." Laoban ni bosi kwa Kichina, na yeye huniita hivyo akitaka kunitania. Akajumlisha timu yangu mtu kwa mtu. "Imezidi. Mwalimu, hii imezidi sana."

"Haijazidi. Nimetumia kanuni mpya."

"Ya wapi?"

"Haijatungwa bado."

Zawadi alicheka hadi akalaza kichwa mezani.

Nikawaeleza, na hapa naiandika ili ibaki. Natamani msimu ujao mwendeshaji aliyekaa misimu mitano mfululizo kwenye klabu moja apunguziwe wastani katika hesabu, na yule aliyelelewa na klabu tangu alipokuwa anaanguka kona ya kwanza apunguziwe vilevile. Natamani pia ule utaratibu wa kuazima upunguzwe, kwamba mtu wenu akiumia mnachukua wa timu nyingine kwa siku moja. Wiki hii nampigia makofi, wiki ijayo namzomea, na moyo wangu hauna kasi hiyo. Lakini kikomo chenyewe sitaki kifutwe. Nimekitetea miaka yote. Bila kikomo, klabu moja tajiri ingekusanya wote walio bora, zingine zingekufa, na mwisho hao bora wangekosa wa kushindana naye. Watu wazuri lazima wasambae ili mchezo uishi kila mahali. Hayo nimeyasema mara nyingi mno, na nikiyasema huwa naona raha.

"Voilà," akasema Papa Célestin. "Minakujua mtu kama wewe. Anataka kubeba vyote. Akifika Baiyun anafungua begi chini, mbele ya foleni mzima, anaonyesha bantu nguo za ndani."

Ndipo akainua macho kwenye skrini, akakunja uso.

"Mais... leo banazunguka upande mwingine!"

"Upande gani mwingine?"

"Siku zote banakata kulia. Sasa banakata kushoto. Bamebadilisha kanuni?"

Tulimtazama. Kisha sote wawili tukatazama dirisha ambalo amekaa akilielekea msimu mzima, na ndani ya kioo chake zilikuwemo pikipiki nne, ndogo, safi kabisa, zikikata kona kulia.

"Papa!" Zawadi akapiga kelele. "Kumbe unaangalia!"

"Nilikuwa natazama mvua," alisema.

Kisha Zawadi akasoma timu yake. Jumla ilitosha, hata nafasi ndogo ilibaki. Nahodha alikuwemo. Kijana hakuwemo.

"Umemwacha?" nikauliza, na nakiri sauti yangu haikuwa nzuri.

"Nimemwacha aende, Mwalimu. Klabu zenye uwanja mkubwa zinamtaka. Akibaki kwetu atakuwa anawafunga walewale kila wiki, mpaka asahau kupita kwa nje."

"Na nafasi yake?"

"Tutafute mtu wa akiba. Mwenye wastani mdogo lakini macho yapo." Akamnyooshea penseli Papa Célestin.

"Mimi? Jamais! Hata siku moja!"

Tulipokuwa tunashuka ngazi Zawadi aliniambia jambo. Chuo kimoja Mbeya kimempa kazi ya kufundisha, na kesho Jumatatu kinataka jibu. Msimamizi wake hapa naye amempa nafasi ya utafiti, miaka miwili zaidi. "Mama amesema nikusikilize wewe," alisema. "Ukiniambia nibaki, Mwalimu, nitabaki."

Nikamwambia, "Tutazungumza." Kisha nikamweleza kwamba ngazi ile ya tatu kutoka chini imelegea, aangalie asianguke. Anaijua. Ameikanyaga miaka minne.

Tutazungumza. Mtu aliyeeleza kikomo cha wastani mara mia, amepata neno moja tu la kusema.

Asubuhi hii nimejipikia chai na nimekaa nayo mpaka imepoa. Nataka abaki. Niliandike wazi, kwa kuwa shajara ya kujidanganya haina kazi. Nataka Machi ifike, tuketi pale, utepe uruke, na mtu anayeona njia ya ndani kabla yangu awe pembeni yangu na penseli. Mwanangu ni mwema sana kwangu, ila akiiona spidwei anauliza breki.

Mimi nilifundishwa mchezo huu na bibi niliyepanga kwake nilipopelekwa Uingereza kusoma ufundi mitambo, kabla sijageukia ualimu wa lugha. Alikuwa mjane. Jioni moja ya Mei alinivuta uwanjani kwa sababu, alisema, amechoka kuniona nasoma ndani ya nyumba nimevaa koti. Tulisimama kona ya kwanza. Udongo ulituingia mdomoni. Enzi hizo injini zilipakwa mafuta ya nyonyo, na yakiungua hutoa harufu tamu, nzito, ambayo ukiinusa ujanani haikutoki. Hapa Xiaobei mafuta ya nyonyo yanauzwa kwenye maduka ya vitu vya nywele. Nimewahi kununua chupa, nikafungua, nikanusa hapohapo mbele ya muuzaji. Hayakuwa na harufu ile. Lazima yaungue.

Masomo yangu yaliisha katikati ya msimu, na mwaka ule timu yetu ilikuwa inaelekea fainali. Bibi yule hakuniambia nisubiri. Alinisindikiza stesheni, akaniuliza tu kama posta inafika Morogoro. Kwa miaka mingi baada ya hapo nilikuwa napokea vipande vya gazeti alivyonitumia, vyenye matokeo, vimechelewa wiki kadhaa, nikavisoma kana kwamba utepe umeruka asubuhi ileile.

Sikuwahi kumuuliza, baada ya mimi kuondoka, alikuwa anasimama na nani pale kona ya kwanza.

Nimeirudia kanuni yangu mpya leo, ile ya kumpunguzia wastani aliyekaa muda mrefu. Bado naiona nzuri kwa nahodha. Kwa kijana sina uhakika tena. Nilipomwona Agosti akipita kando ya uzio nilisimama, nikamwagia watu chai. Sikusimama ili aendelee kuwa wetu. Nilisimama kwa sababu alikuwa anaenda kasi kuliko uwanja wetu.

Na Mbeya kuna watoto wa uhandisi ambao hawajawahi kuulizwa swali na mtu kama yeye. Watu wazuri lazima wasambae. Nani huyo aliyekuwa anaona raha kuyasema?

Papa Célestin amenitumia ujumbe sasa hivi, anauliza msimu unaanza lini. Nimemjibu: Machi. Ameandika: "Ni mbali, laoban." Kisha akaandika tena: "Ile karatasi inajazwa namna gani?"

Ni mbali, kweli. Nitamfundisha. Itabidi kwanza nimgeuzie kiti moja kwa moja, la sivyo atajaza kila kitu kinyume.

Kama Papa Célestin alivyosema, begi liko wazi hapa sakafuni, na foleni inanisubiri. Zawadi hurudi kutoka ibadani saa sita. Mpigie leo, mzee, umwambie aikubali kazi ya Mbeya.