Siku Tatu Nilizoruka

Ndoyi,

Tulikuwa tunaitana hivyo juu ya jina letu moja. Wewe Masereka wa Bwera, ng'ambo ya Uganda, mimi Kasereka wa Butembo. Ni jina la mutoto mwanaume wa tatu: wa tatu kwenu ni wewe, wa tatu kwetu ni mimi, na mupaka uligusa jina kidogo tu halafu ukaliacha. Sasa mama yako ananiitaka Masereka. Ananipigia simu na kuuliza, "Masereka, umekula?" Ninajibu ndiyo, mama, nimekula. Nikiisha kukata simu nakaa kwanza. Sijui ni nani kati yetu amejibu.

Nakuandikia hapa kwa kabureau kangu ka fotokopi, kwenye kile kiti chako cha mbao. Mashini ingali inakula karatasi za banafunzi. Mutaa umebadilika. Hema za Ebola zilikunjwa, bale ba kupima homa kwa paji la uso na thermoflash balishaenda, na batu banasalimiana tena kwa mikono miwili, banashikana muda murefu kama banalipizana. Ndoo yako ya kunawa njo ingali mulangoni. Kila asubuyi ninaijaza na kuweka kloro. Banafunzi bananicheka: "Papa Kase, Ebola iliishaka, weye ungali unanawisha batu?" Ninabaambia ni juu ya wino. Jioni nikifunga, maji imeshuka mpaka nusu, na sikuona mutu akinawa. Najua robinet ya ndoo inavuja. Mimi si mujinga. Mupira mupya wa kuiziba ninao kwa tiroir ya meza. Sijauweka.

Siku ya kwanza ulipokuja kuuliza chumba cha nyuma, nilikucheka. Batoto betu sisi tunabatuma Uganda kutafuta Kiingereza, na wewe unatoka kule kuja kutafuta udaktari kwa Kifaransa, tena mwaka ule Ebola imekaa mujini kama mupangaji. Ukapanga vitu vyako, ukabandika karatasi ukutani. Usishike mukono. Usile kwa sahani ya batu wengi. Usiguse mugonjwa wala maiti. Ukipata homa, kwenda kituoni siku ile ile. Ile ya mwisho ulipiga mustari chini yake.

Na ulishika yote. Sindano ya chanjo ulikimbilia wakati majirani bangali banabishana ni ya kuua ao ya kuzuia kuzaa. Kwa matanga ya jirani yetu Papa Kakule ulisimama mbali, ukasalimia kwa kiwiko, ukatoa kikombe chako mufukoni wakati pombe ya kasiksi inazunguka. Mujane wake aliniuliza, "Huyu mugeni wako anatuona sisi ni uchafu?" Nikaomba musamaha kwa niaba yako. Nilipokukaripia njiani, ulinijibu polepole, na yale maneno sijapata pa kuyaweka: "Ndoyi, mama alinituma kusoma. Hapana kufa."

Mimi nilikuwa mwerevu kukushinda, unakumbuka. Sikusoma chuo, lakini syllabus zote za medisini zilipita mikononi mwangu, na mashini ikiwa inafanya kazi mutu anasoma. Nilijua homa, nilijua ini, nilijua figo upande wa kulia na wa kushoto. Affiche za ukutani za Riposte pia, za bale balikuja kupigana na ugonjwa, nilizitoa mimi. "Ukisikia homa, kuya mbiyo." Nilizitoa mpaka toner ikaisha, na sikuamini hata moja. Kwa mutaa wetu tulisemaka kwamba kwa hema unaingia na miguu, unatoka kwa sakoshi ya maiti. Nilisemaka na mimi. Nilisemaka vizuri kushinda bengine.

Halafu siku moja asubuyi ulitoka chumbani umejifunika blanketi, meno yanagongana. Ukanionyesha ile karatasi ukutani. Ulivaa viatu.

Mimi njo nilikuvua viatu.

Nilikuambia ni baridi ya Butembo. Nilikuambia wewe ni mugeni wangu, na mugeni wangu hatalala kati ya batu banaovaa maski. Maneno mazuri, eh? Ukalia kidogo, ukanishukuru. Ndoyi, acha nikuambie leo kile nilikuwa nafikiri. Nilikuwa nafikiri ile gari ya Riposte ikisimama kwa mulango wangu, mutaa muzima utatoka kuangalia. Batapuliza dawa mpaka ndani ya mashini. Bataandika jina langu kwa liste ya bale balikugusa, bataniuliza homa siku makumi mbili na moja, na hakuna munafunzi atashika karatasi imetoka mikononi mwangu. Njo hiyo. Niliita kitu hicho ukaribishaji.

Siku ya kwanza nilikupa paracetamol. Ya pili, paracetamol na supu, na ulianza kuniita mama. Ya tatu ukasema unataka kurudi Bwera, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe, juu Bwera ni mbali na mulango wangu.

Unaona vile nilivyojua kupanga. Vidonge viwili kabla ya kupanda taxi. Kitambaa cha maji baridi kwa paji la uso mpaka karibu na kizuizi cha kuingia Beni, halafu nikakupangusa na mukono wa shati langu. Nilikufundisha: shuka wa kwanza, nawa, cheka na yule kijana wa kupima, usikohoe. Ukafanya yote. Ulikuwa munafunzi muzuri sana. Yule kijana akakuelekeza thermoflash, akasema, "Iko bien. Muende." Na mimi nilicheka, ndoyi. Ndani ya gari nilicheka, nikakupiga kwa bega, nikasema tumebashinda. Uliniangalia kama mutu anayeangalia kupitia dirisha la nyumba ingine.

Hatukufika Kasindi, kwa mupaka. Pale Beni penye magari ya mupakani, miguu ilikukataa. Dispensaire ya karibu ikaita bale ba hema, na ile hema nilikuwa nakukimbiza mbali nayo njo ilikupokea. Muuguzi alikushika mukono na gants zake mbili za mupira, akauliza hali, akauliza dawa, halafu akaniuliza mimi, bila kukasirika: "Mulikuwa wapi siku zote tatu?"

Ulienda jua lingali juu.

Majibu ya damu yalitoka kesho yake, wakati bale ba mavazi meupe balikuwa bamekwisha kukuzika vile ilivyolazimu, na mimi nimesimama mbali penye kamba. Haikuwa Ebola. Ilikuwa malaria, ile ya kupanda kichwani. Yule muuguzi aliniambia kwamba kwa hema balikuwa banatibu malaria kila siku. Nusu ya bale banaingia na hofu ya Ebola, njo hiyo banakuwa nayo. Dawa ilikuwa pale. Ilikuwa pale Butembo pia, mwendo wa dakika chache toka kwenye kile kiti chako.

Unajua desturi yetu, na kwenu ni ile ile. Kwa matanga, yule aliuguza mugonjwa anasimama na kueleza historia ya ugonjwa, siku kwa siku, ili familia ijue mutu wao alitoka namna gani. Mwili haukuweza kuvuka, kwa hiyo kwenu balilia bila wewe, na miye nilieleza kwa simu, bameiweka kwa sauti kubwa kati ya batu. Nikaanzia Beni. Nikasema homa ilikukamata njiani, ghafula. Zile siku tatu niliziruka kama mutu anayegeuza kurasa tatu pamoja. Mama yako akasema mbele ya bote, "Aksanti, mwanangu. Hukumuacha."

Toka hapo ananitumia matoke na kahawa. Na kwa familia yetu pia bananisifu: Kasereka alisindikiza mugeni mpaka mwisho. Ukweli. Nilikusindikiza.

Tena kuna shati. Mama yako alituma shati lako jeupe kwa shofere, uzikwe nalo. Lilifika ukiwa umezikwa. Aliniuliza kama ulivaa, nikasema ndiyo, lilikukaa vizuri. Lingali hapa, nimelipiga pasi mara nyingi mpaka kola inang'aa.

Sasa barabara ya Kasindi imetulia kidogo, na mama yako anakuja siku ya posho, Jumamosi hii, kuona kaburi. Ameniambia anataka nikae karibu naye pale, nimuelezee tena historia, polepole, juu kwa simu hakusikia vizuri. Amesema analeta kuku. Jana nilifikiria kupata homa mimi mwenyewe. Ningepata kwenda kituoni siku ile ile, uone vile nimejifunza.

Lakini nitaenda, ndoyi. Nitamungojea kwa barrière ya mupaka, Kasindi, na shati mukononi, si ndani ya sakoshi, ili aone kabla sijatafuta maneno mazuri. Ninajijua kwa maneno mazuri. Atanyoosha mikono miwili, vile anafanya. Sitampa yangu. Nitasimama mbali, vile ulisimama kwa matanga ya Papa Kakule, na nitaanzia asubuyi ile ya viatu. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikimaliza, yeye atachagua kama mikono yake ingali imenyooshwa.

Lala, Masereka. Hilo jina nalirudisha, ni lako. Maji ya leo nimekwisha kuweka.

Kasereka