Mwangwi wa Amplifaya ya Babu Yako

Nasra mjukuu wangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Hapa Michenzani sote wazima. Mama yako kasharudi kazini.

Unauliza kwa nini amplifaya ya gitaa ya marehemu babu yako haitoi mwangwi wala sauti haitetemi. Kabla hujabadilisha valvu, zile taa zake za ndani, chomeka ile swichi ya mguu ya kuwashia mwangwi na mtetemo, kisha tazama nyaya za kisanduku cha springi zitoazo mwangwi, chini kwa nyuma.

Zamani mwangwi ulimpotea babu yako harusini Makunduchi. Amplifaya ilikuwa imetoka kutengenezwa na sahibu yake Kishor, fundi wa Mkunazini. Tuliporudi mjini alimfuata dukani, akamfokea mbele za watu: "Umeniharibia chombo changu!"

"Ilete niitazame, Saidi," Kishor alimwambia kwa upole. Babu yako akaondoka, wakanuniana.

Miezi ikapita. Siku moja nafagia, nikauona waya wa kile kisanduku umechomoka. Bila shaka ni mtikiso wa gari njiani. Babu yako akauchomeka, mwangwi ukajaa chumba kizima. Alikimbilia Mkunazini bila hata kuvaa kofia. Duka lilikuwa limefungwa. Kishor na wanawe wameshahamia ng'ambo, na jirani hakujua wapi.

Tangu hapo babu yako alikuwa kila akitaka kupiga gitaa, huuzima mwangwi kwanza. Nami nlikuwa nikiupenda sana.

Bibi yako,
Zuwena