Karatasi Nne Nyeupe

Karakanani kwa Baba,
Mlango wa bluu, nyuma ya stesheni.
Tarehe 9, mwezi wa saba.

Mpendwa mdogo wangu Kwanini,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na wifi yangu na yule mtoto ambaye bado namjua kwa picha tu. Kifua chako kimepona, au bado unakohoa vumbi la mifupa yenu ya makumbusho? Sisi huku hatujambo, kwa kusema tu. Mama anakula nusu sahani. Mimi ni mzima, ila uzima wenyewe sina raha nao.

Ujumbe wako ulifika siku moja kabla ya mazishi. Uliandika kwamba Baba amekufa akiwa amekukataa, sasa uje kumzika nani. Mama sikumsomea. Nilimwambia umekosa ndege. Nilikukasirikia, sitakuficha, watu wananiuliza mtoto wa kiume yuko wapi, nami nimeinama nahesabu vigae vya sakafu. Lakini sikuandikii ili nikugombeze. Wa kugombezwa ni mimi, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Siku mliyokosana naikumbuka yote. Ulikalia ile mashine ya kubania vitabu, ambayo Baba alikataza mtu kuikalia, ukatusimulia habari za utaya uliousafisha kwa mswaki, wa mtu aliyeishi zaidi ya miaka laki mbili iliyopita. Baba akauliza, "Na Adamu je?" Unajua alivyokuwa amejumlisha umri wa wote waliotajwa katika Maandiko, kwa penseli pembeni mwa ukurasa, mpaka akapata miaka elfu sita na kitu. Ukamjibu kwamba hesabu yake haifiki hata kwenye meno ya yule mtu, kisha ukacheka. Nadhani kicheko kilimuuma kuliko hiyo laki mbili. Naye akakwambia basi nenda ukaishi na hao babu zako wa mifupa. Ukaenda kweli, miaka saba. Vichwa vigumu nyote wawili, na sisi wengine tukabaki tunapika chakula cha watu wanaosusiana.

Sasa sikiliza. Mwaka huu, macho yakiwa yamekwisha, Baba alikifumua Kitabu kitakatifu cha nyumbani akakijalidi upya. Alijifungia ndani siku nne. Aliyeruhusiwa kuingia ni Mama peke yake, amtungie uzi kwenye sindano.

Alipolazwa nikakichukua niione kazi yake. Nikakuta karatasi nne nyeupe, zimekunjwa katikati na kushonwa humo ndani, baada ya habari za bustani, kabla ya ile orodha ya wana wa Adamu. Nikasema masikini Baba, macho yamemwangusha. Fundi aliyejalidi vitabu vya mahakama miaka arobaini, leo aje achekwe na mchungaji? Nikakata uzi wa fungu hilo tu, nikalichomoa taratibu, kazi ikaonekana safi. Hukuniita Mkasi bure.

Kesho yake akaniagiza nimpelekee Kitabu hospitali. Akakifungua, akapapasa kwa kidole, akarudi nyuma, akapapasa tena. "Karatasi zangu ziko wapi?" Nikamjibu, tena kwa majivuno, kwamba nimezitoa, zilikuwa kosa. Akasema, "Haya, mwanangu," akakifunga. Siku ya tatu akafariki.

Jumapili iliyopita Mama alikifungua Kitabu, akaniuliza swali lile lile. Nilipomweleza, alikaa sakafuni pale pale, kati ya mabaki ya ngozi za majalada. Akaniuliza, "Wewe si umekulia karakana hii? Kitabu cha mteja kikija kimepotewa na kurasa, baba yako alikuwa anafanyaje?"

Ndugu yangu, nilijua jibu tangu nikiwa na miaka saba. Anashona karatasi nyeupe pale palipo pengo, msomaji ajue kwamba hapo palikuwa na maneno ambayo hatunayo. Kitabu hakigeuki kuwa cha uongo kwa sababu kimepungukiwa. Karatasi za namna hiyo nimemkatia mamia kwa mkono huu.

Mama anasema Baba alikuwa akiongea huku anashona. Kwamba Mungu hakudanganya, na wewe mwanawe hukudanganya. Kitabu kinamtaja wa kwanza na kinatufikia sisi, lakini waliozaliwa, wakacheka na kuzika watoto wao katikati hapo ni wengi kuliko walioandikwa, nao wanastahili mahali. Kisha akasema, "Kwanini akija, atajaza mwenyewe. Yeye ndiye anayewajua." Nimekwenda kuangalia ile jumla yake ya penseli. Ameifuta. Umebaki mkwaruzo tu.

Majuto ni mjukuu, huja kinyume. Silali vizuri. Kila nikishika mkasi nasikia ile "haya, mwanangu," na sina wa kumwomba radhi isipokuwa wewe.

Karatasi zenyewe sikuzitupa, maana nyumba hii haitupi karatasi nzuri. Hebu fungua barua hii uangalie kwenye mkunjo. Hayo matundu matano ni ya sindano ya Baba. Hii ni moja kati ya zile nne, na tatu nyingine zimo ndani ya bahasha, nyeupe kama alivyoziacha. Hukukataliwa, mdogo wangu. Ulishonewa nafasi, mimi ndiye niliyeifumua.

Mama anakusalimu sana. Ananiambia nikuulize kama unakula. Mjomba fundi saa anakusalimu, na anadai bado unayo bisibisi yake. Msalimie wifi, na mtoto umbusu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awalinde, awape umri mrefu na moyo mwepesi kuliko wetu.

Njoo nazo zote nne. Hii iliyoandikwa nayo itarudi mahali pake, na makosa yangu yakiwa humo humo. Utashona wewe. Uzi nitakutungia mimi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,
Mkasi