Mbuzi wa Haraka

Jumatatu, 3 Machi
Sare za shule, kukata tangu asubuhi. Mkono wa kulia mzito. Makasi yameniponyoka tena. Nimesingizia uchovu.

Alhamisi, 6 Machi
Sasa mguu nao. Mume wangu Njoroge, asiyebeba hata mtungi wa gesi, amenibeba kutoka dukani kwangu Makongeni mpaka hospitali. Picha ya kichwa ina doa kubwa. Wanasema huenda ni saratani. Nimelazwa. Naandika kwa mkono wa kushoto. Naogopa sana.

Jumapili, 9 Machi
Mama mkwe kaja na uji na habari: ngurario, harusi yetu ya kimila, ni Jumamosi, kwa baba yangu kule Ruiru. Dada yangu atasimama badala yangu. Miaka saba tumekaa bila ngurario, kila mwaka mbuzi hawapo. Leo wamepatikana! Mimi si mjinga. Mke akifa kabla mumewe hajamkatia bega la mbuzi mbele ya wazee, kwao wanaweza kukataa azikwe kwa mume. Wananioa ili wanizike. Nimelia nikitazama ukuta.

Jumatano, 12 Machi
Si saratani. Daktari ameeleza polepole: multiple sclerosis, ugonjwa wa mishipa ya fahamu, aina adimu na kali, inayovimba ubongoni ukadhani ni saratani. Kinga ya mwili wangu ndiyo inayonishambulia. Kikulacho ki nguoni mwako, kweli. Wameanza dawa kali ya mshipani. Isiposaidia, watachuja damu kwa mashine. Na ugonjwa unaweza kurudi. Njoroge alicheka huku analia. Kuhusu mbuzi, kimya.

Alhamisi, 13 Machi
Kidole gumba kimesogea. Ningefurahi tu, lakini nina hofu ya aibu: nisipokufa, mbuzi watarudishwa. Juzi niliwachukia, leo nawataka. Sijamuuliza. Kiburi.

Ijumaa, 14 Machi
Nimeuliza kama kesho wanaenda.
"Hapana. Nimewaambia wazee wangoje," akasema Njoroge.
Iliuma.
"Nitampa nani hilo bega? Dada yako? Ni wewe naoa, Wambui. Wangoje utoke."
"Na nikikaa huku miezi?"
"Si basi mbuzi watanona."

Jumamosi, 24 Mei
Ruiru. Nilikaa kitini, mguu haujarudi wote. Njoroge alikata bega vibaya, wazee wakamcheka mpaka jasho likamtoka. Mama mkwe aliniongezea nyama bila kuuliza. Jumatatu narudi kwa daktari. Leo mimi ni mke wa mtu, na nimeshiba.