Giligilani ya Harusi

Mama yangu,

Leo nimekaa kwenye meza yako. Si ya nyumbani, nasema ile ya kazini, yenye kioo juu na taa chini, uliyoiinamia miaka yote ile ukiwakagulia Wayahudi mboga za majani zao zisiwe na wadudu. Nimeona nikuandikie wewe kwanza, maana hapa ughaibuni, kwa watu wetu wa Mount Dennis, nikianza kujisifu watasema Wahaya ndivyo tulivyo. Wewe utanisikiliza. Tena utaniambia niongeze.

Tulipokuzika, kule kazini, kwenye jiko la kupikia sherehe za Wayahudi, walitaka kuiondoa meza. Tajiri alisema mwenye macho ameondoka, afadhali anunue majani yaliyokaguliwa kiwandani na kugandishwa. Bwana Ezra, msimamizi wao wa dini, akamwomba anijaribu mimi kwanza, kwenye harusi moja tu. Nikishindwa, meza inatoka. Nikasema sawa, nitaweza. Halafu nikaenda kulia chooni.

Unakumbuka ulivyoanza? Siku moja ulirudi nyumbani umefura. Ulikuta kidukari, kale kadudu kanakofyonza mboga, kwenye koliflawa, ukamtoa, ukampelekea Bwana Ezra ukidhani atakusifu. Yeye akarudisha beseni zima kwenye maji. "Nimeshamtoa, sasa anataka nini tena?" ulifoka, hata koti hujavua. Kwetu Bukoba ukichambua senene, panzi wetu wa kula, bawa ukiliona unaling'oa, unaendelea. Kwao mdudu anayeonekana kwa macho ni haramu kumla, na ukimpata mmoja lazima ufikirie ndugu zake. Ilikuchukua muda kukubali. Lakini wewe ukishika jambo, Mama, umeshika.

Na senene wako hukuwaacha! Jumapili unawakaanga, wale walioletwa kwenye begi la mgeni, ghorofa nzima inanukia. Jumatatu unaenda kusaka wadudu. Ulipomsimulia Bwana Ezra, alicheka mpaka akashika ukuta. Akakwambia hata maandiko yao yanaruhusu panzi wa aina fulani, ila watu wa kwao walishasahau ni yupi, kwa hiyo wanawaacha wote. Ukaja kutangaza kanisani: "Si wangeniuliza mimi!"

Sasa nikupe habari za harusi. Nilipewa majani ya giligilani, mzigo wa kutisha. Nikailoweka kwenye maji ya sabuni, nikasuuza, nikachuja maji ya mwisho kwa kile kitambaa cheupe, nikakitandaza juu ya kioo. Jiko zima likanigeukia. Unawajua, Wafilipino, Wajamaika, Warusi, na Kiswahili chao chote ni neno moja ulilowafundisha wewe: safi. Ulikuwa ukilisema, Bwana Ezra anatazama kwa mara ya mwisho, anaitikia kwa kichwa, na visu vinaanza kazi. Tangu uondoke hakuna aliyelitamka.

"Safi?" mpishi mkuu akauliza. Wageni walikuwa wameshaanza kuingia ukumbini. Tajiri amesimama mlangoni, mikono kifuani. Na mimi naona kitu kwenye kitambaa, kidogo kuliko punje ya chumvi, labda uchafu tu. Nikafanya ulivyokuwa ukifanya, nikakipuliza polepole.

Kikatembea.

"Bado," nikasema.

Neno hilo hawakulijua, Mama, ila wote walielewa. Mpishi alitupa taulo chini. Bwana Ezra akaja kuinama, akatazama, akanitazama na mimi, kisha akabeba beseni mwenyewe mpaka kwenye sinki. Tukaanza upya. Ukumbini walikuwa wameshaimba na kucheza, wakasubiri saladi. Nikachuja tena, nikatandaza, nikatafuta kila kona ya kitambaa mpaka macho yakatoa machozi. Hakukuwa na kitu. Nikalisema neno lako. Bwana Ezra akatazama, akaitikia kwa kichwa, na watu wakapiga makofi. Hata yule wa taulo.

Nilipofika kazini leo nimekuta meza ipo palepale, na Tajiri ameiwekea taa mpya.

Nyumbani hatujambo. Barabara ya Eglinton bado wanaichimba. Mjukuu wako bado ananijibu Kiingereza, lakini senene walipofika, wale dada yako alikutumia kabla hajapata habari za msiba, alikaa nami mezani akachambua bila kuambiwa. Nililia, yeye akaendelea kuchambua. Ana macho yako.

Nakukumbuka sana. Ningependa ungekuwepo uone uso wa mpishi. Lala salama, Mama. Neno lako nitalitunza, sitalitamka kabla ya wakati wake, hata wangesimama mlangoni matajiri wote wa mji huu. Na ujue kwamba jiko lile sasa linajua maneno mawili ya Kiswahili. La kwanza lako. La pili langu.

Mwanao,
Kemi