Jina la Koku

Jumanne, Bilele

Jina lake bado linanisumbua. Leo Muleba, kwenye mafunzo ya wahamasishaji wa jamii, kila mshiriki alichora ramani ya kijiji chake. Koku wa Izimbya alichora chemchemi ya kijiji ikiwa ndani ya uzio wa baba mkwe wake.

"Ukirudi utalala kwa mama yako!" wenzake wakamtania.

Wakati wa chai nilimwahidi kwamba nitaficha jina lake katika habari yangu ya gazeti. Akakataa.

"Kaka mwandishi, ukilificha, mzee atawashuku wanawake wote waliozoea kuchota pale. Andika Koku."

Miaka yote nimeficha majina ili kulinda watu. Hili nimeliandika, habari nimeshaituma. Kesho anarudi kwa huyo mzee.

Mhariri hajafunga ukurasa, jina bado linaweza kufutwa, nami bado nimeshika simu.