Nta Kwenye Mbao za Mzee Eino

Baba yangu mpendwa,

Mwakeye. Naomba barua hii ikukute umekaa chini, si juu ya mti. Habari za hapo nyumbani? Mama anaendeleaje na macho yake, na nyuki wameshaingia kwenye ile mizinga mipya? Mimi ni mzima kabisa. Nakula, nalala, na vidole vyangu vyote kumi vya miguu bado ninavyo, jambo ambalo huku si la kudharau.

Nimeona nikuandikie kwa karatasi kwa sababu kwenye simu wewe hujibu "sawa" kwa kila kitu, halafu mtandao unakata. Jumapili nilikwambia kulikuwa na tatizo dogo kazini na limekwisha. Halikuwa dogo. Lakini limekwisha kweli, ndiyo maana leo naweza kulisimulia.

Unajua ninaishi huku kaskazini mwa Finland nikimhudumia Mzee Eino, mgane wa miaka themanini na mitatu, ambaye nyumba yake iko pembeni mwa msitu. Binti yake, Marja, anaishi mjini kusini na ndiye aliyeniajiri. Nilipoanza kazi aliniita kando akaniambia wazi: baba yake akipata ajali nyingine huko msituni, watamhamishia kwenye nyumba ya wazee. Mzee mwenyewe alishasema kwamba siku akihamishwa hatamaliza mwaka. Kwa hiyo kila anapotoka, roho yangu hutoka naye.

Na hutoka kila siku. Huvaa miguuni mbao mbili nyembamba, ndefu kunizidi kimo, hushika fimbo mbili, huteleza juu ya theluji kilomita sita, kisha hurudi kunywa kahawa. Msituni kuna njia ya kazi hiyo. Alfajiri linapita katapila linaloisawazisha theluji, kama lile greda lilivyokuwa likisawazisha barabara ya Nyakanazi kabla ya lami, na nyuma yake linaacha mifereji miwili iliyonyooka, ya upana wa mbao. Ukiziingiza humo, zinakwenda kama zinajua njia. Asubuhi ya baridi kali, theluji ikiwa kavu kama unga wa muhogo, inapendeza kumtazama. Mzee anayepanda ngazi kwa kushika ukuta akiingia kwenye ile mifereji anakuwa kijana.

Juma langu la kwanza niliiona njia hiyo nikashukuru Mungu. Kila mahali theluji inakufika magotini, halafu hapa pana njia safi. Nikaipita na mabuti yangu hadi dukani na kurudi. Kwetu njia isiyopitwa huota majani, nikadhani nawasaidia kuifungua. Mzee Eino alipoona mashimo ya nyayo zangu ndani ya mifereji alikaa chini. Baadaye alinieleza kwa upole kwamba mbao ikikutana na shimo la buti mtu huanguka, na kwamba mtu anayetembea juu ya njia ile huku hasalimiwi. Sikurudia tena.

Sasa nikupe habari yenyewe, na hapa utacheka: kumbe hawa nao wanaishi kwa nta. Chini ya kila mbao, pale katikati unapokanyaga mguu, hupakwa nta ili mbao ishike theluji mtu anapojisukuma. Mbele na nyuma huachwa pateleze. Si nta ya nyuki. Huja kwenye vikopo vya rangi: bluu kwa baridi kali, nyekundu kwa siku ambazo theluji inakaribia kuyeyuka, na hiyo nyekundu inanata kama ulimbo. Haya yote nayajua leo. Siku ile nilichojua ni kwamba nta ni nta, na mimi ni mtoto wa nani.

Asubuhi hiyo vidole vya Mzee vilikuwa vimevimba kwa baridi yabisi, hawezi kupaka nta mwenyewe. Hewa ilikuwa imelegea na theluji laini inaanguka. Akanipa kikopo chekundu, akaweka kiganja katikati ya mbao, akasema, "Hapa. Kidogo tu."

Baba, kwetu mzee akisema "kidogo tu" unafanyaje? Ukimwekea ugali kidogo kweli, utaulizwa umelelewa wapi. Unamwongeza. Na wewe ndiye uliyenifundisha kupaka nta mzinga mpya bila ubahili, kona zote, ili nyuki waone wamekaribishwa. Basi nilipaka. Kutoka nchani hadi mkiani, mbao zote mbili, nikasugua kwa kiganja hadi zikang'aa. Yeye hakuwa na miwani, akazivaa bila kuzikagua, akashuka mteremko ulio nyuma ya nyumba. Nikarudi jikoni nikijisifu.

Kwa kawaida akirudi hunikuta bado nafagia. Siku ile nilifagia, nikaosha vyombo, nikakunja nguo, na mlango haukufunguliwa. Nikampigia jirani mwenye pikipiki ya theluji. Alikuwa mjini, akasema anakuja ila nimpe muda. Nikachukua blanketi, chupa ya kahawa na kiberiti, nikatoka. Kando ya njia theluji ilinifika mapajani, nisingefika popote. Nilisimama nikiitazama ile mifereji ilivyonyooka. Kisha nikaingia ndani yake na mabuti yangu nikakimbia, na kila hatua niliionea aibu.

Mwanzoni mifereji ilikuwa laini. Mbele nikaanza kuona mabonge ya theluji iliyoshikana, kama matope ya Kasulu yanavyodondoka kutoka kwenye viatu wakati wa masika. Nikaokota moja. Lilikuwa na wekundu wa nta. Hapo nikaelewa nilichofanya. Nta yangu ilikuwa imeibeba theluji yote aliyoikanyaga. Nikaanza kuita, na sikuita jina lake. Niliita "Baba", kwa Kiswahili, hadi sauti ikakauka.

Kisha alama za mbao zikaisha. Alikuwa amezivua. Nyayo zake zilikuwa pembeni, kwenye theluji ya kina, kila hatua amezama hadi magotini, na ile mifereji kando yake mizima kabisa. Mzee wa umri ule alikuwa amekataa kuiharibu njia, hata siku ile. Nililia kwa hasira.

Nilimkuta kwenye kibanda cha magogo wanakopumzikia wapita njia. Midomo ilikuwa imebadilika rangi, na njiti za kiberiti zimetawanyika miguuni pake kwa sababu vidole vilikataa kuzishika. Alinitazama, akatazama mabuti yangu, akatazama nilikotoka.

"Devota," akasema, "umetembea kwenye njia."

Nilicheka na kulia kwa pamoja. Nikamfunika blanketi, nikawasha moto. Kuni zilikuwa na unyevu, lakini nani atanifundisha mimi kupuliza moshi? Miaka yote ile ya kukushikia kienge cha kufukizia nyuki chini ya mti imenifaa. Kahawa ikamrudishia rangi, na alipoweza kusema vizuri akaniambia kwamba alikuwa amekata tamaa. Kila akijisukuma mbao hazisogei. Akajua miguu imefika mwisho, Marja alikuwa na haki, na hiyo ndiyo mara yake ya mwisho msituni.

Ningeweza kunyamaza, Baba. Nakiri kwamba nililifikiria. Lakini nikaigeuza mbao moja, nikamwonyesha nta ilivyokwenda kutoka nchani hadi mkiani, nikamwambia ni mimi. Akapitisha kidole juu yake polepole. Akauliza nani alinifundisha kupaka hivi. Nikasema baba yangu, anafuga nyuki. Akautazama moto.

"Kwa hiyo si miguu," akasema.

Nikamwambia si miguu. Mzee yule akacheka hadi kofia ikamwanguka, na mimi nikaona mzigo wote umenishuka mabegani. Jirani alipofika na pikipiki yake alitukuta bado tunacheka, akadhani tumelewa.

Daktari alimkagua vidole vyote, hakuna kilichopotea. Jioni Mzee mwenyewe akampigia Marja, akaanza kumwambia theluji ilikuwa mbaya. Nikaomba simu nikasema ukweli wote, mimi na nta yangu. Marja alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema baba yake abaki nyumbani kwake, ila asiende tena msituni peke yake.

Kwa hiyo sasa mwanao anajifunza kuteleza. Usiniulize nimeanguka mara ngapi. Katapila lilipita kesho yake likafuta nyayo zangu zote, na majirani wamenisamehe, wananisalimia. Jana palikuwa na baridi kavu, mifereji imekaza vizuri. Kabla hatujatoka Mzee Eino akanipa kikopo cha bluu, akaweka kiganja chake katikati ya mbao. "Kidogo tu," akasema. Nikapaka kidogo kweli. Tulikwenda hadi kile kibanda na kurudi, yeye mbele akinisubiri.

Nisalimie Mama, mwambie sweta yake ndiyo naivaa ndani ya makoti yote. Msalimie shangazi kule Muyama, na shemeji yangu mwalimu aliyeko Kasulu. Mwambie hata yeye na ukali wake angeanguka huku. Mpe salamu Mzee Hamisi wa duka la Kibondo anayetuuzia asali yetu. Kaka Festo naye umsalimie, ingawa nimeshaongea naye, na ndilo jambo la mwisho ninalotaka kukwambia.

Mzee Eino akisema kidogo, ni kidogo. Wewe nakujua. Jumapili uliniambia kifua kinakubana ukipanda kwenye mizinga, kidogo tu. Siku barua hii ikikufikia Festo anakuja na pikipiki kukupeleka hospitali Kibondo. Nakuomba upande, usibishane naye. Na daktari akikuuliza, Baba, usimwambie kidogo.

Ni mimi mwanao anayekupenda,
Devota